Gemu ndani ya Toyota Noah kwenye foleni ya Likoni: kompyuta ndogo iliyonifaa

"Mama, usiwashe gari!" Hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yangu ya jioni kwa wiki tatu nzima. Foleni ya feri inasogea magari manne, aliye nyuma ashaanza kupiga honi, na huku nyuma ya kiti wanangu wananisihi nisiguse ufunguo kwa sababu mechi iko dakika ya 85 na mdogo ndiye anaongoza. Nawasha. Skrini inakuwa nyeusi. Kilio.

Sisi tunakaa ng'ambo, Likoni. Shule yao iko kisiwani Mombasa, na kazi yangu ya kutoa mizigo bandarini pia iko huko, kwa hivyo jioni tunarudi pamoja. Barabara ya Dongo Kundu isiyohitaji feri ipo, najua, lakini kwangu mimi ni kuzunguka dunia kufika jirani. Foleni ikiwa ndefu nazima injini, nafungua madirisha, tunasubiri. Mamamkwe anauliza kwa nini wasisome vitabu. Akija nao safari moja tu kwenye joto la saa kumi na moja, hatauliza tena.

Nilipoanza kutafuta kompyuta ya gemu ya kuwawekea garini, wa kwanza kunishauri alikuwa shemeji yangu, mwenye laptop kubwa ya gemu. Niliigeuza chaja yake nikasoma: wati 230. Gawanya kwa volti 12 za gari, unapata ampea 19, na hapo hujahesabu zinazopotea njiani. Fyuzi ya tundu la kuwashia sigara kwenye magari mengi ni ampea 10 au 15. Nikamrudishia laptop yake kwa heshima zote.

Dukani nikaonyeshwa kompyuta mpya ya kijisanduku yenye Intel N100, chipu iliyopangiwa wati 6. Kwa umeme ni malaika huyo. Katuni zinapita, gemu za zamani zinapita, lakini muuzaji alipoiwasha FIFA 19, gemu ya mpira, wachezaji walikimbia kama wamo ndani ya uji. Binamu yangu naye alikuja na Steam Deck, kompyuta ya gemu ya kushika mkononi. Chipu yake hula kati ya wati 4 na 15, ile ya mwaka 2022 ina betri yake ya wati-saa 40, na chaja ni ya wati 45. Sina neno baya juu yake. Ningekuwa na mtoto mmoja ningeichukua na habari hii ingeishia hapa. Lakini nina wawili, mmoja miaka 9 na mwingine 12, na kifaa cha kushika mkononi kati ya hao wawili ni vita.

Nilichonunua ni Lenovo ThinkCentre M715q, zile ndogo za ofisini zinazokuja zikiwa zimetumika Uingereza. Nimelipa elfu 21. Upana wake ni kama kitabu, unene haufiki sentimita nne. Ndani kuna chipu ya Ryzen 5 PRO 2400GE ya wati 35, na sehemu yake ya picha ni Vega 11, ambayo wakati wake ilikuwa na nguvu kuliko unavyotarajia kwenye mashine ya karani. Kubwa kwangu ni kwamba inakunywa volti 20 kwa chaja ya wati 65, kichwa chake kile cha mstatili cha njano kilekile cha laptop za ThinkPad. Maana yake chaja ya gari ya ThinkPad inaingia moja kwa moja.

Hilo nalisisitiza kwa sababu mimi nilianza na inverta, na nimejuta. Inverta inapandisha volti 12 kuwa 230, halafu chaja inazishusha tena ziwe 20. Kila hatua ina ushuru wake. Yangu ilivuma kama nzi kwenye chupa, ikawa moto, na Ijumaa moja ikamaliza betri tukiwa wa tatu kutoka lango la feri. Noah ni otomatiki, hata ukisukumwa na mtaa mzima haiwaki. Makanga wa matatu ya nyuma alitoa waya za jampa huku akicheka, akachungulia ndani, akauliza, "Mathe, hapa ni gari ama ni ukumbi wa gemu?"

Baada ya hapo nikapima. Kile kipimo cha kuchomeka ukutani kilionyesha wati kumi na kitu kompyuta ikiwa imetulia, na 48 hivi mechi ikipamba moto. Skrini ya inchi 15 inayokula umeme wa USB ni wati 9. Ukiongeza zinazopotea kwenye chaja, betri inatoa ampea 5 na ushei. Betri yangu ni ya ampea-saa 45, lakini betri ya gari imeundwa kupiga stata, si kukaushwa. Nimejiwekea mpaka: saa moja na nusu injini ikiwa imezimwa, basi.

Tatizo la kuwasha gari ndilo lililonichukua wiki tatu. Nilidhani kompyuta ina ugonjwa. Fundi wa umeme wa magari, mzee mmoja wa huku kwetu, alisikiliza bila hata kuinua boneti. Akaniambia nishike taa ndogo iliyochomekwa kwenye tundu la sigara, kisha akapiga stata. Taa ikazima, ikarudi. "Umeona? Ufunguo ukifika kwenye stata, gari lenyewe linakata tundu. Na hata lisingekata, betri inashuka hadi volti tisa, kumi. Chaja yako imeandikwa kumi na moja. Sasa unaionea kompyuta bure, mamangu."

Dawa yake ilikuwa ya bei ya samaki wa siku mbili. Alivuta waya kutoka betri kubwa, akaweka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri, akaipeleka nyuma kwenye betri ndogo ya ampea-saa 7, zile za UPS na kengele za wezi. Katikati akatia daiodi, ambayo ni kama mlango wa kuingilia usio na mlango wa kutokea: umeme unakwenda kwenye betri ndogo lakini stata haiwezi kuunyonya kurudi. Daiodi inakula karibu nusu volti, na hapo nilitaka kulalamika, kumbe ni kheri. Alternata inatoa volti 14.2 hivi, ukipunguza nusu unabaki na 13.7, na hicho ndicho kiwango betri ya namna hiyo inachopenda ikikaa kwenye chaji. Chaja ya kompyuta na ya skrini zote zinachota hapo nyuma, kupitia swichi moja. Nikapiga stata mara tano mfululizo. Mechi haikutikisika.

Mengine haraka. Dukani nilipewa memori kipande kimoja cha GB 8, na picha zilikuwa zinakwama. Vega haina memori yake, inaazima ya kompyuta, kwa hivyo kipande kimoja ni kama barabara ya njia moja. Nikaongeza cha pili kinacholingana, 2,800, na FIFA kwa 720p, ukali wa picha wa wastani, ikawa laini; Rocket League pia. GTA, ile ya ujambazi na risasi, wameomba, nimekataa, na sababu si wati. Diski iwe SSD, maana matuta yetu hayana huruma na kitu kinachozunguka. Na usiifiche kompyuta chini ya kiti juu ya zulia kama nilivyofanya mimi. Feni ilipiga kelele kama boda mpaka nilipoifunga nyuma ya kiti kwa kamba za plastiki, juu ya wavu, upepo upite pande zote. Gari likilala juani mchana, nasubiri robo saa madirisha yakiwa wazi kabla ya kuruhusu mtu kubonyeza kitu.

Jumla na skrini, pedi mbili za kuchezea gemu, betri, daiodi ya shilingi 150 na mkono wa fundi, sijafika elfu 45. Ni miezi mitano sasa. Nilichoshindwa nacho ni skrini: nimeifunga kwenye kichwa cha kiti cha mbele, na kila nikishuka feri na kupanda ule mlima inainama polepole mpaka mkubwa aishike kwa mguu, pedi ikiwa bado mkononi. Aliye na kishikio kinachostahimili mlima wa Likoni anijulishe na bei.