Kibanda cha chakula njia ya Kibirizi, Kigoma: mboga za pembeni safi sana, dagaa wana mchanga

Nianze na maharage, maana ndiyo yaliyonirudisha mara ya pili.

Ni maharage ya njano, yale yanayoshuka kutoka Kasulu, yamechemshwa mpaka yanaanza kupasuka ila punje bado unaiona. Kitunguu kimekatwa vipande vikubwa, chumvi, mawese. Basi. Hakuna nyanya, hakuna karoti, wala ule unga wa pakiti unaofanya kila chakula kiwe na ladha moja. Yanaletwa kwenye kibakuli cha plastiki cha bluu kilichochubuka mdomoni, na mchuzi wake una rangi ya chungwa inayong'ang'ania kwenye kucha hata ukinawa mara mbili. Nilichovya tonge la kwanza nikanyamaza. Dada anayehudumia akaniuliza, "Vipi, yamezidi chumvi?"

Hayakuzidi. Nilikuwa nimekumbuka sufuria ya mama, ile yenye mkono mmoja.

Mimi nimezaliwa Ujiji, ila huu ni mwaka wa 17 niko Dodoma. Nilikuja Kigoma wiki mbili kumuuguza mama mdogo, aliteleza bafuni akavunjika mguu. Nyumba yenye mgonjwa unaijua: wageni wanaingia na kutoka, chai haikatiki, lakini wa kusimama jikoni apike chakula cha maana hayupo. Kwa hiyo mchana nilikuwa natoka. Kwenye kibanda hiki nimekula mara tano. Hakina bango. Ukitoka Mwanga kuelekea Kibirizi, kabla hujafika mwaloni wanaposhusha samaki, tazama turubai la kijani na bodaboda zimepangwa nje. Ukifika salimia kwa Kiha, "Mwakeye," utapewa kiti haraka zaidi.

Ugali upo wa muhogo na wa mahindi. Chukua wa muhogo. Wali upo pia, sina la kusema juu yake. Mgebuka, samaki wa ziwani, wa kukaanga ni 5,000 pamoja na ugali. Mzuri, mkubwa, lakini mgebuka mzuri Kigoma unaupata popote. Mimi nilichogundua ni kwamba ugali na mboga mbili bila samaki ni 2,500, na kila mboga ya kuongeza ni 500. Siku ya tatu nikaacha kabisa kuagiza samaki. Nikawa najaza meza vibakuli.

Sasa sombe. Kwa wasiotoka huku, sombe ni kisamvu, lakini ukimwambia mtu wa Kigoma kwamba ni kisamvu tu atakukazia macho. Majani machanga ya muhogo yanatwangwa kwenye kinu pamoja na kitunguu na bilinganya, yanachemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi ili sumu ya yale majani itoke na mvuke, halafu ndipo yanawekwa mawese na karanga zilizotwangwa. Kazi yake ni kubwa. Utotoni kwetu, saa kumi jioni ukisikia vinu vinajibizana nyumba hadi nyumba ulijua kesho kuna sombe, na ulijua pia kwamba muda si mrefu utaitwa kushika mchi. Siku hizi sokoni kuna mashine, unapeleka majani yanatoka yamekuwa kama uji wa kijani. Ni rahisi, silaumu mtu. Ila sombe ya mashine inateleza tu kooni, huna cha kutafuna.

Ya hapa niliipenda, lakini sikujiamini. Miaka 17 ya mchicha wa Dodoma inaweza kumharibu mtu ulimi. Nikanunua kibakuli kimoja nikampelekea mama mdogo. Alikuwa amelala, mguu juu ya mto, hana hamu ya kula tangu asubuhi. Akachukua kijiko, akaweka mdomoni, akakizungusha taratibu kama anayetafuta mwiba.

"Huyu katwanga kwa mkono," akasema.

"Umejuaje?"

"Kuna vijiti vya majani. Mashine haiachi vijiti." Akala tena. "Ila karanga kazikaanga sana. Mama yako asingezikaanga hivi."

Akamaliza kibakuli chote. Huyo ndiye mkaguzi wangu, na kwa wanaomjua, kumaliza kibakuli ni sifa kubwa kuliko maneno. Kesho yake nikamwuliza mwenye kibanda kuhusu karanga, akacheka, akasema ni kweli, siku ile moto ulimzidi. Kinu nilikiona nyuma, kimeegemezwa ukutani, bado kina unyevu wa kijani.

Nitoe na malalamiko, isije ikaonekana nimelipwa.

La kwanza ni dagaa. Hapa ndipo mtu anatarajia Kigoma ing'are, na hapa ndipo waliponiangusha. Ladha yao haina shida, wamepikwa na nyanya chungu na pilipili, wana ule utamu ambao dagaa wa kule Mwanza hawaufikii (naomba tusigombane). Lakini tonge la pili nikasikia *krach*. Mchanga. La tatu, tena. Ninajua unatoka wapi: dagaa wanaoanikwa chini kwenye mchanga wa ufukweni hawasafishiki hata uwaoshe maji matano, tofauti na wanaoanikwa juu ya chanja. Nikamwita mwenyewe. Hakubisha. Akasema, "Mwanangu, wiki hii mwezi ni mkubwa, wavuvi hawaingii ziwani, wa chanja wamepanda bei. Nimechukua hawa wa chini." Ni kweli pia, dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti. Sawa, lakini angeniambia kabla sijaagiza. Aliondoa sahani, akaniletea maharage, na dagaa hakunitoza.

Hapo akaanza kunisimulia mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei. Anasema alipika maharage, sombe na nyanya chungu tu, na wateja wake hawakumkimbia. Ninamwamini. Ukiangalia vibakuli vinavyorudi jikoni, vya samaki vina mabaki, vya maharage vimekombwa.

La pili ni mawese. Siku nne yalikuwa mazuri kabisa: mekundu, yanawekwa mwishoni, hayaunguzwi. Kuna watu huyachemsha mpaka wekundu utoke ndipo wakaange; mama yangu aliwaita wachoma hela. Lakini Alhamisi ya wiki ya pili mawese yalikuwa ya zamani. Hayakuwa mabovu, yalikuwa na ule ukali unaokwaruza koo ukishameza. Maharage yale yale, kibakuli kile kile, nikaacha nusu. Mtu anayepika kwa viungo vitatu tu hana pa kujificha kimoja kikiharibika.

La tatu dogo: maji ya kunawa ni ya baridi, na mafuta ya mawese na maji ya baridi hayapatani. Beba kitambaa.

Mengine ya haraka. Fika kabla ya saa saba, baada ya hapo sombe imekwisha na utaambiwa "kuna kabichi". Kabichi usichukue. Pilipili ya kwenye kichupa cha bila lebo ni kali kweli, anza na tone. Jumapili hawafungui. Chakula cha kubeba wanafunga kwenye mfuko wa nailoni, kwa hiyo njoo na chombo chako chenye kifuniko. Nasema hivyo kwa sababu niliondoka na lita moja ya mawese kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikaiweka kwenye begi la nguo, na kabla basi halijafika Tabora kanga zangu mbili na blauzi ya kazini zilikuwa zimebadilika rangi. Hilo ni kosa langu, si lao.

Yaliyobaki kwenye chupa nimepikia maharage nyumbani. Mwanangu wa miaka tisa aliuliza kama nimeweka rangi. Alikula, hakuomba tena. Nitamrudishia wiki ijayo.

Kabla sijaondoka nilimwachia kijana mmoja wa bodaboda pale nje hela ya mwezi mzima, kila Jumatano ampelekee mama mdogo kibakuli cha sombe. Juzi mama mdogo kanipigia. Mguu unaendelea vizuri, ameanza kukanyaga kwa gongo. Sombe imefika, ya moto. Karanga safari hii ziko sawa, ila chumvi, kasema, nimwambie yule mama aongeze kidogo.