Rangi ya epoksi juu ya vigae vya zamani: ilivyoshika bafuni na jikoni, Unguja

Hukumu yangu naitanguliza. Epoksi ya makopo mawili inashika juu ya vigae vya ukutani, jikoni na bafuni, kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu. Chini ya hapo, pale ndoo inapogonga ukuta na maji ya kuoga yanapopiga asubuhi na jioni, haidumu hivyo. Sakafuni nisingempa mtu ushauri wa kuipaka, hata kama kopo limeandikwa kuwa inafaa.

Rangi ya mafuta ya milango ibaki kwenye milango. Uso wa kigae ni kioo, hauna vitundu vya kunywea rangi, kwa hiyo rangi ya mafuta hukaa juu yake kama utando wa maziwa: kona moja ikiinuka, kipande kizima kinafuata. Epoksi haingoji kukauka kwa hewa tu. Kopo la rangi na kopo la hadena, yaani dawa ya kuigandisha, vikikutana vinashikamana kwa kemia na kuwa gamba gumu, ndiyo maana inavumilia sabuni na mvuke.

Kabla ya kununua chochote, gonga kila kigae kwa mpini wa bisibisi. Kinachotoa sauti ya uwazi kimeachia ukuta, na rangi haitakirudisha. Kisha tazama ukuta wenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zile hunyonya maji kutoka chini pamoja na chumvi. Kigae hakipitishi unyevu, kwa hiyo unyevu hutokea kwenye maungio, yaani kwenye grauti. Ukipaka epoksi umeziba mlango wa mwisho, na malengelenge yataanza kufuata mistari ya grauti. Ukiona unga mweupe wa chumvi kwenye maungio, au grauti inayopukutika kwa kucha, usipake. Ukuta wa matofali ya saruji usio na unyevu ndio wa kazi hii.

Kazi kubwa ni usafi. Maji ya visima vya Unguja yamepita kwenye mwamba wa matumbawe na yana chokaa. Lile gaga jeupe linalozunguka mfereji halitoki kwa sabuni. Lipake siki, liache dakika kumi au kumi na tano, sugua, halafu suuza kwa maji mengi kwa sababu asidi inakula grauti. Siki isikutane na dawa ya klorini ya kutolea madoa, inatoa gesi ya sumu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kidogo tu. Jikoni adui ni mafuta, hasa nyuma ya jiko ambako mvuke wa kukaanga umeganda kwa miaka. Hapo ni maji ya moto na sabuni kali, mara mbili au tatu. Silikoni ya zamani, ile gundi ya mpira ya kuzibia kona, ikate yote kwa wembe na ufute mabaki kwa spiriti, rangi haishiki juu yake kabisa.

Baada ya hapo msasa mweusi wa maji, namba 180 hadi 220. Ule wa mbao unaisha makali haraka juu ya kioo. Sugua mpaka kigae kipoteze mng'ao wote, pamoja na pembe, kisha suuza na umwagie maji safi. Maji yakitanda sawasawa, ukuta uko tayari. Yakijikusanya matone matone, mafuta bado yapo; rudi kwenye sabuni. Jaribio hili ni bure na linasema kweli kuliko fundi. Ziba grauti iliyotoboka na uache ukuta ukauke kabisa.

Kuhusu kiasi: bafu la mita 1.5 kwa 2, vigae vikiwa vimepanda mita 1.5, lina kama mita za mraba 9 ukitoa mlango. Lita moja hufunika mita za mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, na mikono ni miwili, basi lita 2 zinatosha. Kama kopo linataka praima yake, yaani rangi ya kutangulia ya kushikia, inunue. Kuruka praima ndiyo njia fupi ya kuipoteza rangi.

Koroga kopo la rangi mpaka chini, maana uzito wote umelala huko. Pima hadena kwa kipimo kilichoandikwa, usikisie. Ikipungua rangi inabaki laini. Ikizidi haikauki upesi, inaharibika tu. Changanya kidogo kidogo na umimine kwenye trei pana, kwani mchanganyiko ukilundikana ndani ya kopo unajipasha moto na kuganda, na kwa joto letu unaganda mapema kuliko muda ulioandikwa. Pitisha maungio kwa brashi ya inchi moja, halafu rola ya sponji ya inchi nne, mkono mwembamba. Rola ya manyoya inaacha uso wa vipele kama ganda la chungwa.

Hali ya hewa ndiyo inayowashinda wengi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 85, hadena inapanda juu na kuacha utando wa kunata kama nta. Mkono wa pili ukipakwa juu yake utabanduka. Utando huo hutoka kwa maji ya vuguvugu na sponji. Tina, ile ya kuzimulia rangi, haisaidii sana. Masika, Machi hadi Mei, acha kabisa. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni kizuri: anza asubuhi umande ukishakauka, umalize kabla ya alasiri. Ukichelewa kupaka mkono wa pili kupita muda wa kopo, piga msasa kwanza. Harufu ni kali, fungua kila kitu na uvae barakoa ya kemikali, si ya kitambaa.

Ukuta usiguswe na maji kwa siku 7, kisha weka silikoni mpya. Rangi nyeupe kabisa siipendi jikoni: manjano ya urojo yakikaukia juu yake yanaacha kivuli, na jua la dirishani linaigeuza kuwa ya manjano yenyewe. Chagua maziwa au kijivu chepesi. Osha kwa kitambaa na sabuni ya maji. Steliwaya inaukwangua mng'ao. Rangi na hadena zilizobaki zifunge kila moja kwenye kopo lake, usizichanganye, utazihitaji pale ndoo itakapochubua.