Mshikaki wa mtu mmoja: uzoefu wangu na FasTrak kwenye pikipiki

Bongo, trafiki akikukuta na abiria wawili nyuma ya bodaboda, huo ni mshikaki na una maelezo ya kutoa. Huku California ninakoishi naendesha pikipiki peke yangu, nyuma nimefunga boksi lenye chakula cha mchana na koti la mvua, na kwenye foleni ya kwenda kazini nahesabiwa sawa na gari lililobeba watu watatu. Nilipomsimulia jamaa yangu wa Kigamboni anayeendesha boda, aliniuliza hao wawili wengine nawalisha nini.

Hesabu hiyo lakini haiji yenyewe. Mitambo ya barabarani lazima iambiwe, na kinachoiambia ni kidude cheupe cha plastiki cha kulipia tozo za barabara na madaraja bila kusimama, kinachoitwa FasTrak Flex, chenye swichi ya kusogeza kwa kidole kuonyesha mko watu wangapi: 1, 2, 3. Nimekitumia kwa muda sasa, zaidi kwenye daraja la Bay Bridge kutoka Oakland kwenda San Francisco, na mara mojamoja kwenye njia za haraka, zile za kulipia, za barabara kuu ya I-880. Pikipiki yangu ni Honda CB500X. Nasema hivyo mapema kwa sababu yote nitakayoeleza yanategemea pikipiki ina mahali gani pa kuweka vitu.

Kwa mwenye gari mambo ni mepesi. Anafungua akaunti, anaweka dola 25 za kuanzia, anaandikisha namba za gari, anabandika hicho kidude, yaani tegi, kwenye kioo na kuisahau. Akipita chini ya antena inasomwa na tozo inakatwa. Salio likishuka, akaunti inajijaza kutoka kwenye kadi ya benki. Hata tegi isiposomwa, kamera zinapiga picha namba, mfumo unamtafuta kwa namba hiyo na kumkata. Anayesafiri peke yake hataona tofauti yoyote. Sisi tunaiona, kwa sababu picha ya namba inasema chombo ni cha nani, basi. Anayetamka "tatu" ni tegi.

Na hiyo "tatu" ina thamani. Kwenye madaraja saba ya jimbo hapa Bay Area, eneo la ghuba ya San Francisco, pikipiki inalipa nusu tozo siku za kazi, kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 4 asubuhi, na tena saa 9 alasiri mpaka saa 1 jioni. Mwaka 2025 tozo ilikuwa dola 8, kwa hiyo mimi nilikuwa natoa 4. Kwenye Bay Bridge tozo ni ya upande mmoja tu, ukiwa unaelekea San Francisco. Kurudi nyumbani ni bure. Kwa siku ishirini za kazi, hizo zilikuwa dola 80 kwa mwezi zilizobaki mfukoni. Petroli ya pikipiki yangu haifiki hapo.

Ila wakiniambia kesho nusu bei imefutwa, bado nitapita njia ileile. Mbele ya vibanda vya tozo vya Bay Bridge kuna taa zinazoruhusu magari kuingia darajani kidogo kidogo, na asubuhi foleni ya kuzisubiri inarudi nyuma mpaka unachoka kuitazama. Njia ya wanaosafiri pamoja, iliyotengwa kwa magari yenye abiria, inazipita taa hizo pembeni. Ndipo ninapopita. Naona watu ndani ya magari wanapaka rangi ya mdomo, wanakula mikate, mmoja nilimkuta anapiga mswaki. Mimi nimeshafika Yerba Buena, kisiwa cha katikati ya daraja.

Sasa nije kwenye makosa yangu, maana ndiyo yaliyonifanya niandike.

Wiki mbili za kwanza tegi niliiweka kwenye boksi la nyuma. Boksi zuri, la alumini, lina kufuli, halipitishi maji. Nilijiona mjanja: halilowi, haliibiwi. Jumapili moja usiku nikakaa mezani na chai ya tangawizi nikafungua taarifa ya akaunti kwenye simu. Dola 8. Dola 8. Dola 8. Mstari kwa mstari, siku kumi. Nilikuwa nimefungia kifaa cha mawimbi ya redio ndani ya sufuria yenye mfuniko. Antena ziko juu ya barabara, alumini haipitishi mawimbi, kwa hiyo kilichosomwa kila asubuhi ni namba yangu ya nyuma. Bahati nilikuwa nimeiandikisha kwenye akaunti, la sivyo bili zingenifuata kwa posta moja moja. Sikumlaumu mtu. Maelekezo yalikuwemo kwenye bahasha na nilikuwa nimeyatupa pamoja na bahasha.

Baada ya hapo nikahamia mfuko wa koti, kifuani kushoto. Ikawa afadhali, lakini si kila siku. Siku niliyoweka simu mfuko huohuo, tozo ilikuja kamili. Siku niliyoinama sana kwa sababu ya upepo, hivyo hivyo. Mwili wa binadamu ni maji matupu na maji yanayameza mawimbi hayo. Simu nayo ina vyuma vyake. Nikanunua kishikio cha kubandika kwenye kioo kidogo cha mbele, kutoka kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni ambaye picha zake zilikuwa nzuri kuliko gundi yake. Kilidumu siku tisa. Siku ya kumi kilibanduka pamoja na tegi katikati ya daraja, nikakiona kwenye kioo cha pembeni kinadundadunda kama jiwe la mtoto juu ya maji, na lori likamalizia kazi. Huwezi kusimama pale kuokota kitu. Nilipofika kazini jambo la kwanza nililofanya ni kuingia kwenye akaunti na kuripoti tegi imepotea, kwa sababu ukiacha hivyohivyo tegi inaendelea kuwa yako, hata ikiokotwa na mwingine.

Mpya nikaiweka kwenye begi dogo la juu ya tangi, lile lenye mfuko wa nailoni ang'avu wa kuwekea ramani. Tegi inalala chali, inatazama anga, hakuna chuma juu yake. Tangi liko chini yake na halijawahi kunisumbua. Tangu hapo sijaona tozo kamili isipokuwa siku nilizopita nje ya saa za nusu bei. Mwenye pikipiki isiyo na nafasi ya begi, ajaribu mfuko wa juu wa koti peke yake, bila simu, bila funguo, bila pochi. Na zile tegi za stika zinazobandikwa kwenye kioo cha gari usihangaike nazo kwenye pikipiki. Ukiibandika kwenye bati umeiua.

Jambo la pili ni namba. Pikipiki hapa ina namba moja tu, ya nyuma. Kwenye gari kamera ikikosa moja inapata nyingine. Mimi mkanda wa begi uliwahi kuning'inia juu ya tarakimu mbili kutoka Oakland mpaka mjini, na sikujua mpaka mwenzangu kazini aliponiambia. Sasa kabla ya kuwasha naizunguka pikipiki na kuitazama kwa nyuma.

Kwenye I-880 raha ni nyingine. Njia ya haraka ile inaanzia Hegenberger ukielekea kusini mpaka Dixon Landing, inalipiwa siku za kazi saa 11 alfajiri mpaka saa 2 usiku, na bei yake inapanda na kushuka kwenye ubao kadiri foleni inavyobadilika. Pikipiki yenye tegi kwenye 3 inapita bure. Naona bei inapanda ubaoni na hainihusu.

Hapohapo ndipo nusura ndoa iingie doa. Akaunti yetu ni moja na namba ya gari la mama watoto imo humo. Jumamosi moja nilitoa tegi kwenye begi la pikipiki, nikaiweka kwenye gari lake kwa ajili ya safari ya familia, na sikuirudisha. Jumatatu akapiga simu akiwa kwenye maegesho, kabla hajatoka:

"Hiki kidude chako kiko kwenye tatu. Mimi niko na nani humu?"

Angeingia njia ya haraka hivyo, peke yake, juu ya barabara kuna taa zinazomwonyesha polisi kila tegi imewekwa kwenye ngapi. Faini ya kujidai mna abiria huku inaanzia dola 490. Nilimwambia asogeze kwenye 1 akashika njia yake, na jioni nikaagiza tegi ya pili. Sasa kila chombo na tegi yake, na ya pikipiki nimeifunga utepe mweusi juu ya swichi ili isisogee kwa mtikisiko.

Wapo wanaoniuliza kwa nini pikipiki inapewa upendeleo. Ni sheria ya shirikisho, haikuanzia California: tangu mwaka 1982 pikipiki zina haki ya kutumia njia za wanaosafiri pamoja, isipokuwa mahali ambapo imethibitishwa kuwa ni hatari. Malipo na masharti ndiyo yanayotofautiana. New York, kwa mfano, tozo ya kuingia katikati ya Manhattan ilipoanza Januari 2025, gari dogo liliwekewa dola 9 saa za msongamano na pikipiki 4.50. FasTrak yangu huko ni plastiki tu. Ukihama jimbo uliza kwanza. Kwetu tofauti ni kubwa zaidi: Kigamboni pikipiki inalipa darajani, na Nairobi ile barabara ya juu, ya kutoka Mlolongo mpaka Westlands, pikipiki haziruhusiwi kabisa.

Tahadhari moja kwa wageni: ukishakuwa na akaunti utaanza kuamini kila meseji ya tozo. Mimi nimepokea kadhaa, "una deni la dola 6.99, lipa leo", na namba ya mtumaji ya nchi nyingine. Ni matapeli. Deni langu naliangalia ndani ya akaunti, kwa anwani niliyoandika mwenyewe.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeinyima kwa sababu kifaa kimetengenezwa kwa ajili ya kioo cha gari na sisi tunaachiwa kubahatisha mifuko. Januari 2026 tozo ilipanda kuwa dola 8.50, kwa hiyo ya kwangu ikawa 4.25. Mvua zimeanza, na tegi iko ndani ya kimfuko cha plastiki cha kuwekea sambusa.