Kufuta alama ya biashara Marekani kwa dola 400: huduma ya USPTO inamfaa nani?

Msafirishaji wa kahawa au vikoi anaomba kusajili jina lake Marekani, na mkaguzi wa USPTO, ofisi ya Marekani ya hataza na alama za biashara, anamkatalia: jina linalofanana na lake limeshasajiliwa. Akimtafuta mwenye jina hilo haoni duka, tovuti wala bidhaa. Kwa watu wa namna hii ofisi hiyo ilifungua njia mbili mpya mnamo Desemba 2021. Kwa bei, hatujaona nafuu kuliko hizo.

Ya kwanza ni ufutaji. Unadai kwamba alama haijatumika hata siku moja katika biashara ya Marekani kwa bidhaa unazozitaja, na dirisha lake hufunguka usajili ukitimiza miaka 3 na kufungwa ukitimiza 10. Ya pili ni uchunguzi upya, ndani ya miaka 5 ya kwanza: mwenye alama alisema ameshaanza kuitumia, kumbe kufikia tarehe iliyotakiwa alikuwa bado. Zote mbili ni dola 400 kwa kila kundi la bidhaa (nguo, kwa mfano, ni kundi la 25). Kesi ya kawaida mbele ya TTAB, baraza la USPTO linaloamua migogoro ya alama za biashara, huanzia dola 600 kwa kundi, bado hujagusa gharama za nyaraka na mashahidi.

Si lazima uonyeshe kwamba umedhurika. Yeyote anaweza kuomba. Ila anayeishi nje ya Marekani lazima awe na wakili mwenye leseni ya huko, na hapo ndipo dola 400 zinapoacha kuwa dola 400.

Maombi mengi huponea au kufia kwenye ushahidi. Kutafuta mara moja kwenye Google hakutoshi. Pekua tovuti ya mwenye alama na matoleo yake ya zamani kwenye Wayback Machine, masoko ya mtandaoni yanayouza bidhaa ya aina hiyo, majarida ya sekta na kumbukumbu za mahakama. Usiliruke jalada lake mwenyewe pale USPTO: picha ya fulana aliyoiwasilisha huenda ikawa nembo iliyobandikwa kwa kompyuta. Kila ukurasa uonyeshe anwani yake na tarehe ulipoufungua. Kisha andika tamko la kiapo: umetafuta wapi, lini, kwa njia gani, umekuta nini. “Hatukuona kitu” bila kusema mlitazama wapi ni maneno matupu. Pakikosekana kitu, hupewa siku 30 kurekebisha.

Shambulia bidhaa zinazokuzibia njia tu, usiizoe orodha nzima. Wakati huohuo mwombe mkaguzi asimamishe ombi lako mpaka shauri liishe.

Shauri likishafunguliwa, wewe umetoka. Mwenye alama ana miezi 3 ya kujibu, na anaweza kununua mwezi mmoja zaidi kwa dola 125. Akinyamaza, bidhaa zinafutwa. Akijibu, huna nafasi ya kuubishia ushahidi wake. Huu ndio udhaifu mkubwa wa huduma hii. Tena akithibitisha kwamba aliitumia, hakuna mwingine atakayeruhusiwa kuomba ufutaji wa bidhaa hizohizo. Mwenye pupa anamjengea mpinzani wake ukuta.

Na Hakuna Matata, maneno ya Kiswahili ambayo kampuni ya filamu ya Disney iliyasajili kuwa alama yake? Iliombwa 1994, ikasajiliwa 2003 kwa fulana. Mwaka 2018 saini za kuipinga mtandaoni zilipita 100,000, lakini saini hazifungui shauri. Dirisha la miaka 10 limeshafungwa. TTAB nako, usajili ukivuka miaka 5, hoja kwamba maneno ni ya kawaida tu ya kueleza bidhaa haisikilizwi. Hubaki hoja chache kama ulaghai au kuitelekeza alama. Kutotumika miaka 3 mfululizo huhesabiwa kuwa dalili ya kuitelekeza, kwa hiyo mpingaji angelazimika kuonyesha kwamba Disney imeacha kuuza fulana hizo.