Maiki ya kubana kolani kwa podikasti ya mahojiano: uzoefu wangu hapa Mwanza

Kama unaanzisha podikasti ya watu kufunguka kuhusu maisha yao, achana kwanza na maiki kubwa ya mezani. Nunua ile ndogo ya waya inayobanwa kwenye kola, chomeka kwenye simu, anza kazi. Vipindi vyote vya podikasti yangu mpya nimevirekodi hivyo, na sijuti.

Mtu wa kawaida ukimwekea maiki kubwa mbele ya mdomo anageuka mtangazaji. Anakohoa, anasalimia "wasikilizaji popote mlipo", na yale uliyomfuata hayatoki tena. Hii ndogo inasahaulika. Mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, nilimbania kwenye kanga. Akaishikashika: "Mwanangu, hiki ndicho kinanisikia?" Nikamwambia ndiyo, mama. Baada ya muda akawa haiangalii kabisa, akaanza kunisimulia habari za kaka yake aliyekuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996. Maiki ikachukua kila kitu, hadi pale sauti ilipomkauka kooni. Kabla sijaaga nilimsikilizisha yote. Sehemu moja akasema, "Hiyo toa." Nikaifuta palepale mbele yake, kwa sababu maiki inayosikia kiasi hicho inakudai uaminifu.

Ubaya wake ni kwamba inavuta sauti za pande zote. Pale Mwaloni penyewe haifai: bodaboda, injini za mitumbwi, upepo wa ziwa, vyote vinaingia, na kile kisponji chake hakizuii upepo wa maana. Mama tulimhojia chumbani kwake, pazia limeshushwa, godoro limeegemezwa ukutani. Mvua ikianza kupiga bati, simamisha tu, hakuna ujanja. Ibane kama upana wa kiganja chini ya kidevu, na mwombe mgeni avue mkufu kwanza, maana ukigongagonga utakuharibia maneno matamu.

Yangu ina swichi ya simu na kamera. Kabetri kake kadogo kanahitajika ukiwa kwenye kamera tu. Simu isiyo na tundu la earphone itataka adapta. Na weka simu kwenye hali ya ndege (airplane mode) kabla ya kurekodi, simu isije ikaita katikati ya machozi ya mtu.

Mkiwa wawili, kila mmoja awe na maiki na simu yake, halafu pigeni kofi moja mwanzoni. Kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, lile kofi linaonekana kama mwiba, unazioanisha sauti mbili kwa hilo. Mimi natoa MP3 ya mono (sauti ya njia moja), kbps 64: nusu saa inakuwa kama MB 14, haimli mtu bando hata ukimtumia kwa WhatsApp. Pitia pia kanuni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, za maudhui ya mtandaoni kabla hujaanza kurusha.

Kwa mahojiano ya kukaa na mtu mkatulia, naipa nyota nne kati ya tano. Kwa ya sokoni au kwenye kivuko cha Kamanga, tafuta maiki ya mkononi ya dainamiki, inayosikia mdomo ulio karibu na kuacha kelele za mbali.