Flaski ya Teflon kwa majaribio ya cheche: ghali, ina usumbufu, lakini inunue

Nawaandikia mafundi wenzangu wa maabara. Hapa kazini kwetu Ujerumani wanakemia, wanajiolojia na wanabiolojia wanachangia meza moja, wakitafuta jinsi kemia tupu ilivyoweza kuzaa uhai. Flaski hii ya Teflon, plastiki ile ya vikaango visivyoshika chakula, ndiyo iliyowagombanisha zaidi, na mimi ndiye ninayeifunga na kuiosha.

Kwa nini tusibaki na kioo? Mwaka 1953, Chicago, Stanley Miller alipitisha cheche za umeme kwenye methani, amonia, haidrojeni na mvuke wa maji, akapata asidi amino, molekuli zinazojenga protini, glisini ikiwemo. Vyombo vyake vilikuwa vya kioo. Mwaka 2021 Juan Manuel García-Ruiz na wenzake walionyesha kuwa kioo hakikuwa mtazamaji tu: flaski ya borosilikati, kioo cha kawaida cha maabara, ilitoa molekuli nyingi na za aina nyingi, ya Teflon ikatoa chache, na Teflon iliyotiwa vipande vya kioo ikaangukia katikati. Amonia hufanya maji yawe alkali, alkali inakula kioo, na silika, madini yanayounda kioo na mawe mengi, inatoka. Mjiolojia wetu hachoki kusema dunia changa ilijaa mawe ya silika, na nadhani yuko sahihi. Ila huwezi kujua mchango wa jiwe bila chombo kisichochangia chochote.

Hapo Teflon haina mpinzani. Amonia haiigusi, na ule utando wa kahawia unaoachwa na cheche hutoka kirahisi kuliko kwenye kioo.

Usumbufu sasa. Ukuta ni mweupe, cheche huioni vizuri. Maji yanachelewa kuchemka kwa sababu Teflon haipitishi joto upesi. Kubwa zaidi, Teflon hulegea ikibanwa: unakaza boliti za kifuniko jioni, asubuhi presha imeshuka. Muuzaji wetu hakututajia hilo hata kidogo, na kwa bei ile, mara kadhaa ya flaski ya kioo, alipaswa. Kaza tena ikishapata joto na kupoa, kisha pima uvujaji kwa nitrojeni kabla ya gesi nyingine yoyote. Hewa ikichanganyika na haidrojeni halafu cheche ikapita, ni mlipuko.

Nyota nne kati ya tano. Agizeni na pete za akiba za kifuniko, na flaski zenu za kioo msizitupe: mtazihitaji kulinganishia.