Yadi ya mawe hapa Mbeya: mawe wanayo mazuri, ila usinunue kwa kung'aa

Kwa mnaojenga Mbeya, Tukuyu mpaka huko Mafinga na mnataka sakafu ya jiwe lenyewe badala ya tailizi, hii ni yadi tuliyonunulia mawe ya nyumba ya mama. Nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja niliyowanyima nitasema kwa nini.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hawakukatazi kujaribu jiwe kabla hujalipa. Vipande vilivyobaki vimejaa pale nyuma kwenye mashine ya kukatia, ukiomba wanakupa. Mi nilienda na limao, chupa ya maji na ile dawa ya kutolea rangi ya kucha, kijana wa mauzo akashangaa ila mzee anayekata mawe nilivyomwamkia tu na kuona limao akaelewa, akanisogezea kipande cha marumaru nyeupe na kingine cha graniti, nikakamulia vyote viwili tukaendelea kupiga stori, kuja kufuta marumaru imepauka pale pale limao lilipokaa, mng'ao hakuna na ukipitisha kidole unasikia pamekwaruza. Graniti haikuwa na habari kabisa.

Sababu ni kwamba marumaru ni kalsiamu kabonati, na asidi yoyote, iwe ndimu, siki, nyanya au soda, inaila. Kwa hiyo jikoni weka graniti jamani, marumaru ipeleke chumbani au ukutani. Halafu kuna suala la ugumu, kwenye ile skeli ya Mohs ya kupima ugumu, 1 laini kabisa mpaka 10 gumu kabisa, marumaru iko kwenye 3 hivi wakati punje za mchanga tunaoingia nao na viatu nyingi ni madini ya kwatzi, yaani 7, kwa hiyo sebule inayopitwa na kila mtu itakwaruzika tu hata ufagie vipi. Iringa nzima imejaa mawe ya jamii ya graniti yanapigwa jua na mvua toka enzi na enzi na bado yamesimama, huo ni ushahidi tosha kwamba graniti inavumilia.

Ile dawa ya kucha ni ya mawe meusi. Kuna mengine yanapakwa rangi ili weusi ukolee, sasa chovya kitambaa cheupe usugue kwa nguvu, kikitoka na weusi liache hilo jiwe. Ya hapa yote yalitoka safi, na hilo nawasifu kwa moyo wote.

Travatini wanayo pia, ile ya krimu yenye matundu matundu. Ni jiwe linalotengenezwa na maji yenye chokaa, hasa ya chemchemi za moto, na huku kwetu bonde la Songwe linalo kwa wingi. Zuri sana ukutani, ila sakafuni matundu lazima yazibwe na upake sila, ile dawa ya kuzuia jiwe lisinyonye, la sivyo kila uchafu unakaa humo.

Sasa nyota iliyopotea. Kijana wa mauzo alikazana kweli kunipa graniti ya kung'aa kwa ajili ya baraza na ngazi. "Dada chukua hii, maji hayapenyi humu." Nikamwambia kaka'angu, ni kweli hayapenyi, yatabaki juu na mama yangu atateleza, mvua za huku zinaanza Novemba mpaka Aprili huko. Kumbe wanayo graniti iliyochomwa moto juu, ina ukwaruzo mzuri unaoshika mguu, imewekwa nyuma kabisa na hakuna aliyenionyesha mpaka nilipouliza mwenyewe! Hiyo ndo ilitakiwa iwe ya kwanza kuonyeshwa kwa mtu anayesema ana mzazi mzee nyumbani, na nilimwambia hivyo hivyo msimamizi wao, akapokea vizuri.

Bei sitaandika maana inategemea jiwe na unene. Ila jua uzito, graniti ya sentimita 2 ni kama kilo 54 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo ukitaka kubandika ukutani au ghorofani muulize fundi kwanza kama anajua kufunga kwa pini, gundi peke yake usiitegemee kwa mawe makubwa ya ukuta wa nje. Na marumaru nyeupe ibandikwe kwa gundi nyeupe ya tailizi, saruji ya kawaida inaweza kuleta madoa ya kijivu mpaka juu na hayo hayatoki.

Mzigo ulifika umesimamishwa vizuri kwenye gari, haukulazwa. Kabla hujasaini mwagia maji kila slabu, yaani bamba la jiwe, usubiri ikauke, penye ufa mwembamba patabaki na mstari mweusi wakati kwingine kumeshakauka. Sisi tulipata moja ya hivyo na waliibadilisha bila maneno.